Kurumbiza wa Mchana

Jina jekundu la adui likitokea pembeni mwa skrini, unaweza kuhesabu mpaka tisa. Mpaka tisa bado unawahi kubonyeza kitufe cha bluu na meli yako ikakimbilia kituoni. Ukifika kumi, umekwisha. Binti yangu ndiye aliyenifundisha hivyo, amesimama nyuma yangu na koti lake jeupe la maabara mkononi, keshachelewa kazini.

"Usiongee na mtu, Mama. Wewe tazama tu. Tumbo la meli likijaa, kamwage kituoni, urudi mwambani."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya kulinda sufuria ya maziwa. Akasema ndiyo hiyohiyo, ila maziwa yenyewe yako angani na wezi ni wengi.

Ulikuwa mchezo wa kulipia kila mwezi, wa watu walio mbalimbali wanaokutana kwenye kompyuta, kila mmoja na meli yake, wakichimba madini katika mawe yanayoelea na kunyang'anyana. Mwanzoni nilizihofia zile nyota ambazo Mungu hakuziumba. Nikaziombea, halafu nikazizoea. Cherehani yangu ilikuwa dirishani, kompyuta ya mwanangu mezani, hatua mbili. Nilishona sare za shule: upindo mmoja, jicho kwenye skrini, upindo mwingine. Mwanangu akiwa hospitali anapima damu za watu, mimi nilichimba kwa jina lake, na kwa miezi saba meli ile haikupata hata mkwaruzo. Miaka sita ya ujane ilikuwa imenifundisha kutazama. Nani amepita, taa ya nani haijawaka, mtoto amerudi na uso gani.

Kikosi chao kilikuwa na watu kama arobaini, wote wa lugha yetu, wametapakaa nchi hii na nchi ile. Hakuna aliyetumia jina lake. Mwanangu alikuwa Kurumbiza. Mkuu wao alikuwa Kapteni, na nyumbani kwake alikuwa daktari wa meno. Halafu Mhunzi, fundi wa lifti katika mji mmoja ng'ambo ya mpaka, ambaye katika mchezo kazi yake ilikuwa kuunda meli. Hii yetu alimuundia mwanangu kipande kwa kipande, karibu mwaka mzima. Jioni, akiongea na huyo Mhunzi kwa visikilizio, mwanangu aliishusha sauti. Sikuuliza. Mwanamke wa miaka thelathini na moja haulizwi.

Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Mtu akiandika habari za asubuhi, mimi nitampitaje kama gogo? Nikawa najibu, kwa kidole kimoja, nzuri, namshukuru Mungu. Wakaanza kutania. Kapteni akaandika kwamba Kurumbiza wa jioni ana mdomo kama pilipili, lakini huyu wa mchana ana adabu, huyu ndiye wa kuposa. Mwanangu aliyasoma aliporudi, akacheka mpaka akajifuta macho. Hakuwasahihisha, wala mimi; hata Mhunzi alidhani mwanangu anachimba kwa siri kwenye kompyuta ya kazini. Nilipenda kuwa huyo wa mchana.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, natia vifungo. Kijidirisha cha maongezi ya watu wawili kikafunguka chenyewe. Mhunzi.

"Nafasi imepatikana. Ni maabara ya hospitali ya hapa kwetu. Wanataka jibu leo, mwisho saa saba. Umeshamwambia mama?"

Sindano ilibaki hewani. Kisha nikafanya jambo ambalo hata leo nalisema kwa aibu: nikapandisha maongezi yao juu, nikasoma. Yalikuwa ya miezi. Kulikuwa na habari za ndoa, za nyumba ya vyumba viwili karibu na kazini kwake, za utani wao ambao haukunihusu. Na katikati yake, maneno ya mwanangu:

"Mama hatakataa. Hiyo ndiyo shida. Atasema nenda mwanangu, Mungu akutangulie, halafu ataanza tena kula amesimama."

Baba yake alipofariki, nilikula nimesimama kando ya jiko, kila mchana nikiwa peke yangu, karibu mwaka. Kuketi mbele ya sahani moja kulinishinda. Nilidhani hakuna aliyejua. Mimi niliyejiona mtazamaji wa nyumba hii, kumbe nilikuwa natazamwa.

Ningeweza kusema shetani alinishika mkono. Sisemi. Mkono ulikuwa wangu, una chaki ya kushonea kwenye vidole, na herufi nilizitafuta moja moja bila haraka.

"Nimemwambia. Siwezi kuja. Nafasi wampe mwingine."

Nikatuma. Jibu lilikawia. Kisha akaandika, "Nimekuelewa." Na chini yake, "Mama ni mama. Sikulaumu."

Nilikaribia kumjibu Mungu akubariki. Vidole vilishafika. Nikavirudisha, kwa sababu hayo yalikuwa maneno yangu, angenitambua.

Nilipoinua macho, jina jekundu lilikuwa limekaa pembeni mwa skrini, sijui tangu lini. Sikuwahi hata kuanza kuhesabu. Meli ilipasuka bila sauti, maana sauti huwa naifunga nisikie cherehani. Kilichobaki ni kijichombo kidogo kama ganda la njugu, Kurumbiza yumo ndani, kinaelea.

Baada ya hapo sikupata pa kukaa. Nilifagia sakafu iliyofagiliwa. Nilishona kola kichwa chini, nikaifumua, nikaishona tena vilevile. Nilitoka kwenda dukani kufuata uzi ninao, nikarudi na kiberiti. Jirani alinisalimia mlangoni, nikamjibu nikiwa nimeshampa mgongo. Nikapiga magoti. Niliwaombea wagonjwa, wasafiri, marehemu wetu wote kwa majina yao, wajane wenzangu. Nilikuwa naizunguka sala ile kama nyumba, nikiukwepa mlango wake. Nikanyanyuka kabla ya amina. Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika arobaini.

Nikaketi mbele ya kompyuta, nikaandika kwa jasho.

"Mimi si Kurumbiza. Mimi ni mama yake. Mchana anayechimba ni mimi. Mhunzi, maneno ya asubuhi ni yangu, mwenyewe hajui kitu. Na meli nimeivunja mimi."

Nilipokwisha kutuma ndipo nikaona sikuandika kwenye kijidirisha cha watu wawili. Niliandika kwenye uwanja wa kikosi kizima.

Watu arobaini wenye mizinga wakayasoma. Kisha Kapteni:

"Shikamoo mama."

Chini yake ikatokea nyingine. Na nyingine. Majambazi wale wa angani, wenye majina ya kutisha watoto, Kisu, Mlavyuma, Mfupa Mtupu, wakapanga foleni kunishikia miguu. Aliyeitwa Jinamizi aliongeza kwamba anaomba radhi kwa matusi ya juzi, hakujua kuna mzazi. Nilijibu marahaba, marahaba, kidole hakiwawahi, zinapanda skrini mpaka juu. Nakiri kwamba kwa muda ule mfupi nilitabasamu.

Mhunzi alikuwa wa mwisho.

"Shikamoo mama. Niliwapigia saa ileile. Wameshampa mwingine."

Yake sikuweza kuiitikia.

Mwanangu alirudi saa kumi na moja. Nilimwambia palepale mlangoni, hajavua viatu, yote, kuanzia kupandisha yale maongezi. Alikwenda mezani na mkoba ukiwa bado begani, akasoma amesimama. Alisoma polepole, kama asomavyo majibu ya wagonjwa wake. Nilimngojea apige kelele. Ningejua pa kuzipokelea.

"Umesoma mpaka juu?" akauliza.

"Nimesoma. Ulijuaje habari za kula kwangu?"

"Kiti chako, Mama. Asubuhi nilikuwa nanyoosha kitambaa juu yake kabla sijatoka. Jioni nakikuta hakina hata kunyanzi moja."

Akaweka mkoba chini. Akasema meli ni meli tu, itaundwa nyingine. Kuhusu kile kingine hakusema kitaundwa. Akavaa vile visikilizio vyake, akaenda chumbani na kompyuta, akafunga mlango bila kuubamiza. Sikusogea karibu. Sauti yake nilisikia haijashushwa, lakini nilikwenda kukaa upande wa barabara ili nisiyapate maneno.

Nafasi nyingine ilichukua miezi minane kupatikana. Mhunzi alifunga safari akaja kujitambulisha, kijana mrefu mwenye kucha za grisi, akaniamkia kwa mdomo kama alivyoniamkia kwa maandishi, na safari hii niliitikia. Wameoana, wako huko, na Jumapili wananipigia simu wakigombania nani aongee kwanza.

Ila miezi ile minane niliyoichukua, niliishi na mwanangu ndani yake siku kwa siku. Hakuninunia. Alinitengea chai, alinisimulia ya kazini, aliniuliza kama miguu inauma. Nilishaungama, na naamini nimesamehewa. Lakini kila ilipofika saa kumi na moja nilisikia hatua zake ngazini, kisha ufunguo unatafuta tundu lake, na kabla sijakumbuka ni kwa nini bado yupo, nilifurahi. Kila siku, Mungu ananiona, nilifurahi kwanza.