Jiwe Lililoelea Kwenye Beseni

Nyumbani kwetu kuna sheria: anayenaswa na uongo wakati wa chakula cha Jumapili ndiye anayeosha vyombo. Hakimu ni mke wangu, na hukumu yake haina rufaa. Nimeosha masufuria ya nyumba hii mpaka vidole vimekunjamana kama zabibu kavu, wala sikuwahi kunung'unika, maana nilistahili. Niliposema nyangumi alipiga chafya akanirudishia kofia yangu, niliosha, tena huku naimba.

Lakini Jumapili ile nilionewa.

Redio ilitaja mlima uliolipuka nchi ya mbali. Shemeji yangu kinyozi, ambaye ulimi wake unakata kuliko wembe wake, akasema, "Afadhali ungelipukia baharini, ungezimika."

"Huko ndiko inakolipuka zaidi," nikamwambia. "Volkano za chini ya bahari ni nyingi kuliko za nchi kavu. Kuna safu ya milima huko chini imeizunguka dunia kama mshono wa mpira. Ni vile tu hatuioni."

"Moto ndani ya maji. Na mkaa huko unauzwa na samaki gani?"

Binti yangu akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Basi nikaongeza niliyoyaona kwa macho yangu, nilipokuwa mpishi melini: asubuhi moja tulikuta bahari imefunikwa na mawe ya kijivu yanayoelea, yametemwa na volkano ya chini, na meli inayapasua kwa mkwaruzo kama mtu anayetafuna kokoto.

"Mawe yanaelea," mke wangu akarudia taratibu. "Baba Watoto, beseni lile pale."

"Hili ni kweli."

"Hata la nyangumi ulisema ni kweli," binti akadakia.

"La nyangumi niliongopa. Sasa siongopi."

"Tutajuaje, Baba?"

Jamani! Miaka yote wamemeza nyangumi mzima bila kutafuna, leo nawapa ukweli mtupu wanautema. Damu ilinichemka. Vyombo nimevizoea, nilichokataa ni kuviosha kwa kosa la kusema kweli. Nikaenda bafuni, nikarudi na jiwe la mke wangu la kusugulia visigino, lile jepesi lenye vitundu kama mkate.

"Hili mnadhani limefinyangwa kiwandani? Jiwe la namna hii ni povu la volkano lililoganda." Nikalitupa kwenye beseni la vyombo.

Likazama kidogo, likaibuka, likakaa juu ya maji katikati ya sahani kama mwenye nyumba. Shemeji akalisukuma chini kwa kidole. Likaibuka. Akalisukuma tena, likamkatalia.

"Kumbe," akasema, na mzaha ulikuwa umemwishia.

Nikamgeukia hakimu, nisikie nimeachiwa huru. Yeye hakuwa akiangalia jiwe. Alikuwa akiangalia sahani zake.

"Hujadanganya," akasema. "Umeshinda."

"Ahsante."

"Ila umetia jiwe la miguu yangu kwenye sahani tunazolia."

Nikaosha. Kila kimoja mara mbili, kwa maji ya moto, na haki yangu mkononi. Shemeji alisimama pembeni na taulo, ananiuliza kwa upole mawe yale yalikuwa makubwa kiasi gani, yalinuka nini. Nikazidi kusugua. Kwa hasira niliyokuwa nayo, hata uongo haukunijia.