Nepi Mgongoni mwa Kiyoyozi

Theopista alipowaona wale ndugu wawili wa kamati ya umeme wameinamia mita mbele ya nyumba ya mwajiri wake, aliweka ndoo chini akajibanza pembeni. Mwaka ule wa themanini na tatu, wa msako wa wahujumu uchumi, mtu hakuhitaji kuua ndipo achukuliwe. Juzi tu mwenye duka mmoja wa Majengo alipakiwa kwenye Land Rover kwa ajili ya mifuko ya sukari, na mkewe mpaka leo hajui alipo.

"Ndugu Eliufoo," alisema yule mwenye suti ya Kaunda, "pampu za mashamba ya miwa zinasimama kwa kukosa umeme, na wewe nyumba yako inakula kuliko zote hapa. Umeficha mashine gani?"

"Sina mashine, ndugu yangu. Kiyoyozi tu."

"Kila nyumba ya mainjinia hapa ina kiyoyozi. Sema ukweli, au ukausemee kituoni."

Eliufoo, ambaye Theopista humwita Baba Ndelilio, injinia mzima, aliisoma mita mara mbili asielewe. Aliyejua siri alikuwa mfanyakazi wake, Theopista, peke yake. Jamani, mvua haijakatika wiki mbili, fukuto limejaa, nepi za mtoto hazikauki! Naye ni binti wa Old Moshi, alikozoea kukausha vitu juu ya moto wa jikoni. Alipogusa mgongo wa kiyoyozi kule nyuma ya nyumba, chini ya paa, akakuta joto la bure linapotea. Akazitandaza nepi hapo hapo, na shuka juu yake. Tangu siku ile joto likakosa pa kutokea, mashine ikawa inaguna kutwa nzima, baridi haiji, na Baba Ndelilio anazidi kuiongeza.

Anyamaze? Baba Ndelilio ndiye aliyempeleka mama yake Theopista hospitali kwa gari lake mwenyewe. Akasogea mbele yao.

"Shikamooni. Ni mimi."

Akawapeleka nyuma, akaziondoa nepi mbele yao. Mashine ikatulia. Waliporudi kwenye mita, kisahani kilikuwa kinazunguka polepole.

"Kumbe hujuma ipo," alisema mwenye suti, akafungua faili lake. "Nilikosea tu mhujumu ni nani. Unaitwa nani, binti?"

Theopista akamgeukia Baba Ndelilio, maana neno lake moja lingemwokoa.

"Theopista," Baba Ndelilio akasema upesi. "Theopista Kalisti. Kwao ni Old Moshi. Nyumba yao naijua, nitawaelekeza."