Mashua ya Kitako Bapa

Saa tatu asubuhi Mzee Bado alifuta meza ya chakula, akaikausha kwa taulo, akatandaza michoro mitatu ya mashua na kukandamiza pembe zake kwa vikombe. Yote ilikuwa ya mashua ndogo za tanga, za plaiwudi, za kujengwa nyumbani na mtu mwenye msumeno, gundi na subira. Subira alikuwa nayo hadi ya kugawia majirani. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na saba anachagua.

Jina la Bado alipewa kazini. Alikuwa mkaguzi wa michoro katika ofisi ya ujenzi, na kazi yake ilikuwa kulikamata kosa kabla halijawa ukuta. Mchoro aliurudisha na neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: bado. Wenzake walimcheka, lakini hakuna jengo alilolipitisha likaanguka, na siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani na boksi zima la kalamu nyekundu. Hapo walikosea, maana alizibeba zote akaenda nazo nyumbani.

Mashua ya kwanza ilikuwa ya kitako bapa. Ilitaka plaiwudi sita na miezi minne ya kazi, lakini ndani yake mtu mzima hawezi kusimama wima. Ya pili unasimama, ila mkuku wake, ule uti wa chini, ni mrefu, haitasogea ufukweni. Ya tatu ilikuwa na vitanda viwili vya maana, na mlingoti ambao Mzee Bado hakuuamini. Plaiwudi zenyewe zilikuwapo. Alizinunua zamani, akazilaza chini ya godoro la chumbani zisije zikapinda. Mkewe alilala juu yake miaka kumi na miwili, akaugulia hapo, akafia hapo.

Wiki ya sita baada ya mazishi, saa kumi alasiri, mkewe alirudi. Alivaa gauni lake la safari na mkononi alikuwa na begi la kahawia. Alifuta miguu mlangoni, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, begi akaliweka mapajani.

"Chakula kimepoa," Mzee Bado akasema.

"Njiani kuna foleni," mkewe akajibu.

Jirani yao, mama mshonaji, aliingia kurudisha pasi, akamkuta pale.

"Pole na kufa, dada."

"Asante, nimeshapoa."

"Na ile safari je?"

"Si namsubiri huyu."

Mshonaji akamtupia Mzee Bado jicho moja, akaiacha pasi, akaenda zake.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda ng'ambo kwa mdogo wa mkewe, mwanamke aliyepooza miguu tangu utotoni, asiyeweza kushuka ngazi za gati. Kwa feri ni mwendo wa saa tatu. Saa tatu tu! Kila mwaka mkewe alipanga nguo kwenye begi lile, na kila mwaka Mzee Bado alimwambia, "Utapandaje feri kama mpita njia, na mumeo anakujengea chombo? Subiri kidogo, bibie." Alisema kwa mapenzi, na yeye kwa mapenzi akatoa nguo akazirudisha kabatini. Dada wale hawakuonana tena. Walikuwa na simu ya Jumapili tu.

Sasa yule mdogo alikuwa mgonjwa. Daktari alimpa miezi mitano, labda sita.

"Naomba nimwone kabla hajafa," mkewe alisema. "Kule niliko watu ni wengi mno. Akishaingia, hatutaonana."

Mzee Bado aliumia moyo. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda huyu mwanamke kuliko macho yake. Kesho yake alasiri alivaa koti, wakaenda bandarini wote wawili, wakapanga mstari nyuma ya mtu mwenye godoro. Karani wa tiketi alimtazama mkewe, akavuta daftari la kanuni.

"Marehemu?"

"Ndiyo."

"Aliahidiwa na nani hii safari?"

"Na mimi," Mzee Bado akasema.

"Ulimwahidi feri?"

Hapo angeweza kudanganya. Lakini miaka thelathini na mitano ya ukaguzi si mchezo, na mbele ya karatasi ya serikali ulimi wake haukujua uongo. "Mashua," akasema. "Ya mikono yangu mwenyewe."

"Basi feri hapandi, mzee. Marehemu husafiri kwa chombo alichoahidiwa." Karani alilifunga daftari. "Nenda kajenge. Anayefuata!"

Walirudi kwa miguu. Nyumbani Mzee Bado aliwasha taa ya mezani na, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, akamuuliza mkewe anataka ipi.

Mkewe hakufikiria hata kidogo. Aliweka kidole kwenye kitako bapa. "Hii. Ndiyo uliyonionyesha kwanza kabisa, hata kabla hujanunua meza."

"Hiyo? Lakini humo ndani huwezi kusimama."

"Mimi nilitaka kukaa tu, mzee wangu. Nikae, nifike."

Mzee Bado aliinuka. Akaingia chumbani, akainua godoro, akatoa plaiwudi moja baada ya nyingine na kuziegemeza ukutani sebuleni. Upande mmoja zilikuwa zimebonyea kidogo, upande aliokuwa akilala mkewe. Alipiga mstari wa kwanza kwa penseli siku hiyo hiyo. Mkewe alimshikia rula, na wote wawili walifurahi, tena sana, wakacheka hata mshonaji akagonga ukuta.

Siku ya nne aligundua kwamba ubavu ukiongezwa inchi nne, mtu angeweza kusimama ameinama. Akafuta mstari. Inchi nne zilitaka mlingoti mwingine, na mlingoti ukataka mkuku mwingine, na mkuku ukamrudisha kwenye mchoro wa pili. Mkewe alikuja kila siku saa kumi, akaketi na begi lake. Akimuuliza amefika wapi, Mzee Bado alisema, "Imebaki kidogo, kuna kosa hapa." Naye alisema, "Haya."

Jumapili simu iliita, sauti ya ng'ambo ikizidi kuwa nyembamba. "Shemeji, mnakuja?"

"Tuko mbioni, shemeji. Jikaze."

Mkewe aliisikiliza sauti hiyo akiwa amesogeza kichwa karibu. Kwa kuwa marehemu, hakuruhusiwa kujibu.

Mwezi wa tano tangu waende bandarini, Jumapili moja simu haikuita. Iliyofuata pia haikuita.

Jumatatu, saa kumi, mkewe aliingia, akafuta miguu, akaketi. Mapajani hakuwa na kitu.

"Begi liko wapi?"

"Nimeliacha."

"Umemwona?"

"Nimemtafuta tangu jana. Nilikwambia, watu ni wengi."

Mzee Bado alilia. Alilia kwa sauti, paji la uso limelala juu ya michoro, na mkewe akasogeza kiti akamshika bega mpaka alipotulia. Kisha Mzee Bado akainuka, akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, kimoja, cha mkewe, hakikunywewa, kama kawaida. Alivuta mchoro wa kitako bapa karibu na taa, akaukagua kuanzia pembe hadi pembe.

"Huu," akasema, "sasa naona hauna kosa."

"Haya," mkewe akasema.

Akachukua kalamu nyekundu, akaanza tena kutoka juu, ili ahakikishe.