Mawingu Chini ya Miguu

Picha ile ilikuwa ya nchi ya wazungu, kila mtu nyumbani alijua. Ziwa la buluu, bonde la majani mabichi, nyuma yake milima yenye theluji, na njia nyembamba inayopanda mpaka kupotea. Amadi aliinunua sokoni, akaipigilia ukutani nyumbani kwa mama yake, pale Naviundu, Lubumbashi, kisha akaigeuza kuwa milima ya Kundelungu.

"Hapa tunaacha gari," alikuwa akimwambia mkewe Djamila, kidole kikiwa ziwani. "Hapa tunapanda na miguu. Hapa njo unasikia maji ya Lofoi inaanguka, mbele ya kuyaona." Theluji hakujua aifanye nini, basi akaifanya mawingu. "Asubuhi, kule juu, mawingu inalalaka mu bonde. Inakuwa chini ya miguu yako, Djamila! Nitakupeleka."

Hakumpeleka. Alikuwa dereva wa gari la wageni waendao kutembea milimani, na safari moja homa ikamkamata hukohuko. Akafia Lukafu, chini ya mlima, akazikwa siku ileile kama dini inavyotaka. Habari ilipofika Lubumbashi, udongo ulikuwa umekwisha kumfunika.

Tangu hapo Djamila alikaa eda katika nyumba hiyo ya mkwewe, Mama Habiba: nguo nyeupe, bila manukato, bila kuvuka mlango. Miezi minne na siku kumi. Alikuwa mtu wa haya tangu utoto, kukaa ndani hakukumtisha. Alikaa mbele ya picha, na kila siku aliipanda ile njia kwa macho, kutoka ziwani hadi kwenye theluji, mpaka akajua ni jiwe lipi angepumzikia. Kisha alishuka, maana hapakuwa na pa kwenda zaidi. Juu ya mlima palikuwa na fremu, na juu ya fremu palikuwa na mjusi.

Sasa eda ilikuwa ukingoni. Souleymane, dereva mwenzake Amadi, alipita akazungumza kupitia dirishani: Jumamosi anapeleka wageni Lukafu, nyuma ana viti viwili vitupu, na hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Mvua zikikolea, barabara ile haipitiki tena mpaka kiangazi. Djamila alitaka jambo hilo tu: kusimama penye kaburi la mumewe, na kuuona mlima wenyewe.

Kizuizi kilikuwa mwezi. Mama Habiba alihesabu eda kwa mwezi wa kuonekana kwa macho, na jioni ambayo mwezi wa kufunga hesabu ulipaswa kuandama, mbingu ya Lubumbashi ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Kesho yake vilevile, na zile siku kumi za mwisho zote vilevile.

"Mi siyauona bado," alisema. "Mwezi yenye haijaonekana, haijaingia."

"Mama, ata telefone inajua!" akadakia Chadia, binti yake. "Na musikiti walitangaza."

"Telefone njo ilimuzaa Amadi?"

"Tukingojea mawingu ya huku iondoke, belle-sœur Djamila atatoka eda na mvi."

"Atoke na mvi. Anakosa nini hapa? Anakulaka, analalaka."

Chadia alicheka. Djamila aliinamia mchele aliokuwa akichagua. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba mama hakuwa akibishana na mbingu. Kila asubuhi Mama Habiba alikuja kuketi karibu naye, akashika ncha ya mtandio mweupe wa Djamila, akaishika tu, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi sokoni. Hakumwona mwanawe akizikwa. Kilichobaki cha Amadi ni mke huyu, na siku eda itakapokwisha atakuwa mwanamke huru, mwenye wazazi wake mtaa wa Bel-Air. Utamchukiaje mtu anayekushika hivyo? Hilo ndilo lililomkaba Djamila kuliko mlango. Mlango haukuwa hata na kufuli.

Ijumaa, baada ya magharibi, mawingu yalipasuka. Djamila alikuwa kwenye mlango wa jikoni, beseni la maji miguuni, alipouona mwezi juu ya paa la jirani. Haukuwa ule uzi wa mwezi mchanga. Ulikuwa umenona, umepita nusu, umekua siku zote hizo nyuma ya mawingu bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mama," aliita. Sauti ilitoka ndogo, akaita tena. "Mama, kuya uone."

Mama Habiba akaja akasimama kando yake.

"Kama haikuingia," Djamila akasema, "hii njo nini?"

Yule mama akatazama chini, kwenye beseni. Mwezi ulikuwamo, unatikisika majini.

"Sioni kitu."

"Inua kichwa, mama."

"Minasema sioni. Kuko mawingu." Chadia, aliyekuwa akisonga bukari, aliacha mwiko chunguni, akageuka kuwatazama.

Djamila angeweza kusema: eda imekwisha, nakwenda. Maneno hayo aliyapanga siku nyingi. Lakini mkono wa mama ulikuwa umeshika tena ncha ya mtandio, na maneno yakageuka mdomoni.

"Basi, hapa kuko mawingu," akasema polepole. "Amadi alisemaka kule juu inalalaka chini ya miguu. Twende tuangalie mwezi kule, mama. Souleymane iko na viti mbili."

"Mimi? Na hii magoti?"

"Hatutapanda. Tutasimama chini, pale Amadi iko. Na pale ukisema tena huyaona bado mwezi, nitarudi na weye. Nitakaa."

"Utakaa?"

"Nitakaa."

Mama Habiba alisimama pale mpaka bukari ikaanza kunukia moto, na Chadia akalaani kwa Kifaransa. Kisha akauliza, macho bado yakiwa kwenye beseni:

"Kule Lukafu kunakuwaka baridi?"

"Asubuhi, sana."

Akaingia ndani. Djamila alibaki kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, hajui kama ameambiwa ndiyo au hapana. Akasikia mfuniko wa sanduku ukiinuliwa, vitu vikipekuliwa, kisha sauti yenye kukwaruza kidogo, kama ya mtu aliyekatizwa kilio:

"Chadia! Ile triko ya baridi ya Amadi, ya kijani, uliiweka wapi?"