Kituo cha Chiriku

Siku tuliyomzika kaka yangu, kila aliyenishika mkono aliniambia chema hakidumu. Alisema jirani, akasema fundi viatu wa kona ya kwetu, akasema hata daktari wa zahanati, ambaye alimwona kaka akiwa hai na akamkataza kuimba. Mimi nikaitikia tu. Ila moyoni nilikuwa nauliza, hicho chema nani alikuwa anakitunza? Sufuria nzuri ukiiacha motoni bila maji itatoboka. Hapo hatusemi sufuria nzuri hazidumu. Tunauliza nani alikuwa jikoni.

Kaka yangu ndiye yule mwimbaji aliyeitwa Chiriku. Alikufa kijana, kifua kimeliwa kwa ndani, ndevu hazijajaa hata kidevu.

Mimi ni mpiga pasi. Nafanya kazi kwa dobi, chumba kirefu chenye mvuke, na redio iko juu ya kabati, inaimba tangu tunafungua mpaka tunafunga. Baada ya msiba mtangazaji mmoja alianzisha kipindi cha wanamuziki wakubwa waliokufa mapema. Huyu alianguka jukwaani, yule alikutwa kitandani na gitaa, mwingine gari lilipinduka wakitoka kupiga muziki mji mmoja kwenda mwingine bila kulala. Aliwataja kwa sauti ya asali, kana kwamba walikaa kikao wakakubaliana kufa. Akasema Mungu akipita bustanini huchuma ua lililochanua. Nikakandamiza pasi mpaka kola ya mteja ikaungua, na mwenye duka akanifokea kwamba kama nataka kupika, jiko liko nyumbani kwetu.

Halafu mtangazaji akafika kwa Chiriku, na kama wote, akafika kwenye kituo.

Aliyewahi kusikia wimbo wake wa mwisho anakijua. Panaimbwa, “Hata njia iwe ndefu, nitakuja,” kisha sauti inakatika. Ngoma inatembea peke yake, mtu unashikwa na wasiwasi, ndipo anamalizia, “kwa miguu.” Hapo katikati ndipo panaitwa kituo cha Chiriku. Watu ukumbini walikuwa wanaweka mkono kifuani wakingoja. Wateja wetu walikuja na mashuka yao wakiimba hivyo hivyo, wanakata, wanafumba macho, wanamalizia. Vijana wanaojifunza kuimba wote wanakikata. Mtangazaji alisema ni ubunifu usio na mfano, sauti ya mtu aliyekomaa kabla ya wakati.

Mimi nilikuwepo siku wimbo ule uliporekodiwa. Nilimpelekea kaka chupa ya maji ya moto. Nilimkuta ameegemea ukuta wa studio, shati limelowa mgongoni kama la mbeba zege. Zamani mstari ule aliuimba kwa pumzi moja na nyingine ikabaki ya kutania watu. Siku hiyo alifika “nitakuja” na pumzi ikaisha. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilimwona kupitia kioo cha studio akishika stendi ya maikrofoni kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Ikarudi kidogo, akamalizia. Alipotoka aliomba apumzike, arudie siku nyingine akiwa mzima. Mkuu wa bendi, ambaye wanamuziki humwita Jemadari, akamkumbatia akasema hapana, hapo hapo ndipo penye utamu, paachwe.

Pakaachwa. Tena kuanzia siku hiyo kila onyesho alitakiwa akate vile vile.

Jemadari alikuja kwetu matanga hata hayajapoa. Alikaa kwenye kiti cha kaka, akamsifu marehemu mpaka mama akalia upya, kisha akatoa lililomleta. Kutakuwa na onyesho kubwa la kumkumbuka Chiriku. Bendi inahitaji sauti. Na sauti, akasema huku akimtazama mdogo wetu aliyekuwa amesimama penye pazia, Mungu haichukui yote, huacha mbegu ndani ya nyumba.

Mdogo wetu huyo tunamwita Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho. Ni fundi rangi. Anaimba akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, na sauti yake inapanda mpaka mwenye nyumba anatoka nje kuangalia kama ameajiri fundi au kasuku. Kifua chake ni kizima. Nilimwona macho yanamng’aa pale penye pazia. Nilijua nikinyamaza tutamzika na huyu.

Nilisema pale pale kwamba tungoje kwanza. Mama akanikata. Akasema nyumba imenyamaza, hata panya hawakimbii tena darini. Akasema kama kuna njia ya kuisikia ile sauti mara moja nyingine, yeye hatafunga njia hiyo. Jemadari akamwita mama mkwe kwa utani, akanywa chai, akaenda.

Kitinda akaanza mazoezi nyumbani. Bendi ile ina kanuni yake. Mwimbaji anayeingia mahali pa marehemu lazima kwanza auimbe wimbo wa marehemu kama ulivyo kwenye rekodi, asiongeze wala asipunguze, na wenzake wakimkubali ndipo anakuwa mwenzao. Kwa hiyo nilikuwa nachambua mchele nikimsikia chumbani anashusha sauti yake, anaikwaruza, anafika “nitakuja,” anakata. Alijipa kazi ya kukata. Alitoa hewa yote kwanza ili sauti ikatike kweli. Siku moja nilichungulia nikamkuta ameinama, bega moja limelala, ameshika mpini wa ufagio. Kaka aliinama vile kwa sababu kusimama wima kulikuwa kunamuuma.

Nilimwambia. Nilimwambia taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Kwamba hiyo si mbwembwe, hapo kaka alikuwa anatafuta pumzi. Kwamba asijifunze ugonjwa wa mtu.

Akacheka. Akasema, “Dada, wewe shule ya msingi tu, na kazi yako pasi. Redioni watu waliosoma muziki wamesema ni mbinu. Wewe umeisoma wapi?”

“Kitandani kwake,” nikamwambia. “Wakati ninyi mmelala.”

Hakunisemesha siku kadhaa. Mama naye akawa ananipa sahani bila kunitazama.

Siku ya kumjaribu ilipofika, mashati ya bendi yalikuwa kwetu kwa dobi. Nikajitolea kuyapeleka. Chumba chao cha mazoezi kiko nyuma ya ghala la mbao, kuta zimebandikwa magodoro ya zamani ili sauti isitoke. Kwenye ukuta mmoja zimetundikwa picha za waimbaji waliofia kwenye bendi ile. Kuna mmoja kabla ya kaka, naye kijana, naye anacheka. Kaka alikuwa pembeni yake kwenye fremu mpya. Jemadari alikuwa akimwonyesha Kitinda kwa fahari, akisema bendi hii imezaa wakubwa.

Nikatundika mashati, nikauliza imezaa au imezika.

Mpiga ngoma akakohoa kuficha kicheko. Jemadari akasema dada wa marehemu akae, msiba una mdomo wake. Nikakaa. Karibu yangu alikuwa mpiga gitaa la solo, mtu mzima, mpole, ambaye kila alipokuja kumtazama kaka alikaa kitandani upande wa miguu bila neno. Nikamnong’oneza aseme anachokijua. Akaangalia vidole vyake.

Wakaanza. Kitinda akaimba kwa ile sauti ya kuazima. Akafika, akakata. Kweli alikata, mpaka mpiga besi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jemadari akasimamisha. Akasema ni vizuri, lakini kituo ni kifupi.

“Kivute,” akamwambia. “Usikimbilie hewa. Mtu wa kiti cha nyuma aogope kwamba hutarudi.”

Wakarudia. Kitinda akakivuta. Nikaona mshipa wa shingo umemsimama, macho yamemtoka, ngoma inatembea, inatembea, na Jemadari ameinua mkono kumzuia bado, bado, bado. Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimeliona tabasamu lile kupitia kioo cha studio, siku kaka aliporekodi.

Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta katikati ya chumba nimeshika ule mkono wake nimeushusha.

“Huyo alikuwa anakosa hewa,” nikasema. “Kaka yangu alikuwa anakosa hewa, na wewe ulikuwa unamhesabia mapigo.”

Ngoma ikakoma. Jemadari hakukasirika, na hilo ndilo lililoniwasha zaidi. Aliniita binti. Akasema kila mkubwa ana kilema chake na ndicho watu wanachokipenda. Akasema hakumlazimisha mtu. Chiriku alikatazwa na daktari, akaja mwenyewe, akapiga magoti mwenyewe aachiwe aimbe. Hapo alisema kweli. Kaka alikuwa mbishi, alitoroka kitandani kama mtoto, na hata leo nikimkumbuka nampiga kofi la moyoni kwanza kabla sijamlilia.

“Mtoto akililia wembe, mpe,” akamalizia Jemadari. “Ni wahenga, si mimi.”

“Wahenga walisema umpe,” nikamjibu. “Hawakusema uwakatie watu tiketi waje kuangalia damu.”

Nikamgeukia Kitinda, nimwambie tena, naye alikuwa bado anahema kutoka kwenye kile kituo, mkono kifuani.

Ndipo nikasikia mlio wa waya unaokazwa. Mpiga solo alikuwa ameinama juu ya gitaa lake, anazungusha vikazio kimoja baada ya kingine, anapandisha sauti ya nyaya. Jemadari akamuuliza anafanya nini. Akaendelea mpaka waya wa mwisho.

“Nililegeza mimi,” akasema. “Kila Chiriku alipochoka uliniambia nilegeze, nikalegeza. Wimbo huu haukuwa huku chini. Ulikuwa huku.”

Akapiga mwanzo wake. Ulikuwa wimbo ule ule umesimama wima. Mpiga besi alishindwa kumfuata, akaacha. Gitaa likabaki peke yake, likazunguka mara ya kwanza, likazunguka tena, na mpiga solo akamtazama mdogo wangu kama anayemshikia mtu ngazi.

Kitinda akaimba. Aliimba kwa sauti yake ya juu ya ngazi, “Hata njia iwe ndefu, nitakuja kwa miguu,” mstari wote kwa pumzi moja, ukapita pale penye kituo bila kugeuza shingo. Haikuwa sauti ya Chiriku. Ilikuwa nyembamba, ina makali, na ilikuwa na afya mpaka niliona aibu kwa furaha niliyoisikia.

Jemadari akazima spika. Akasema huo si wimbo ambao watu wanakuja kuusikia. Kitinda achague, akate au aondoke.

Mdogo wangu akajifuta jasho. Akamuuliza kwa heshima kabisa, “Mzee, siku nikiugua, utaniambia nikapumzike?”

Jemadari akacheka. Akasema kijana mwenye kifua kama mlango wa benki ataugua nini. Kitinda akangoja. Alingoja jibu kwa muda mrefu kuliko kituo chochote, na Jemadari akaanza kupanga nyaya sakafuni. Basi Kitinda akachukua fulana yake, tukatoka.

Njiani hakunishukuru. Alinisema mpaka tunafika. Akasema nimemfukuzisha kazi kabla hajaipata, na kwamba ana haki ya kuimba bila mimi kumlinda kama yai. Nikasema sawa. Kusemwa na mtu mwenye afya kuna raha yake.

Mama alikuwa amevaa kitenge cha kutokea, anatungoja. Kitinda hakueleza kitu. Alisimama mbele yake akamwimbia mstari ule mzima. Mama akasikiliza hadi mwisho, uso ukimshuka.

“Si yeye,” akasema. Kisha akanigeukia mimi. “Umeninyima hata hicho kidogo.”

Mama hajibiwi. Nikaenda jikoni kubandika chai.

Onyesho halikuahirishwa. Jemadari alipata kijana mwingine upesi sana. Redio ikalitangaza lote moja kwa moja, tukiwa kazini, na mwenye duka akaongeza sauti akidhani ananifariji. Kijana huyo alikuwa hodari. Alishusha, akakwaruza, akafika “nitakuja.” Ukumbi mzima ukanyamaza. Kilivutwa kile kituo mpaka mteja aliyekuja kuchukua suti yake akashika meza kwa mikono miwili. Alipomalizia, makofi yalivuma kama mvua juu ya bati, na mtangazaji akasema Chiriku hakufa.

Nilizima pasi. Nilimwambia mwenye duka natoka, akasema nikitoka nisirudi, nikamwambia tutaonana kesho. Nilimfuata mpiga solo kwake, kwa kuwa yeye hakupanda jukwaani siku ile, nikamwomba anionyeshe anakokaa yule kijana. Tulikwenda wote wawili.

Aliyefungua alikuwa msichana wa umri wangu, mikono ina unga, redio inavuma nyuma yake na watu wamejaa ndani wanashangilia. Akauliza kwa furaha kama tumekuja kwa ajili ya mwimbaji, maana kaka yake bado hajarudi.

Nikamwambia nimekuja kwa dada yake. Nikamwomba anawe mikono tukae mahali, maana nilikuwa na hasira na sikutaka ianze kumwagika kabla hajaketi.