Maji ya Baraka Mgongoni kwa Mwalimu Kamphan

Mara nne kwa siku Mwalimu Kamphan alijifungia chumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Majirani aliwaambia anasoma, nao waliamini, maana alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mtu wa vitabu. Kumbe figo zake zilikuwa zimekufa. Mpira mwembamba ulitokeza karibu na kitovu chake. Kwa huo aliingiza maji safi ya dawa tumboni na kutoa machafu yaliyobeba taka za damu. Aliyeambiwa ni mkewe Bualai peke yake.

Mara mbili tundu la mpira lilitunga usaha. Daktari akamwonya: wadudu wakiingia tena, mpira unatolewa, na yeye atakwenda mjini siku tatu kila wiki kulala kwenye mashine ya kusafisha damu. "Pawe pakavu, mwalimu. Pakavu kabisa."

Ukafika mwaka mpya wa jadi, katika joto la Aprili. Wazee wakakalishwa vitini kwenye ua wa hekalu ili wadogo wawamwagie maji ya asumini na kupokea baraka. Mwanzoni yalimwagwa viganjani. Kisha watu wakachangamka, wakahamia mabegani.

"Jamani, mikononi panatosha," Bualai alisema.

"Mama, unamwonea wivu mumeo?" akacheka Sawaeng, jirani mwenye gari. "Mwalimu alinichapa darasa la tatu, leo namlipa!" Akamwaga bakuli zima mgongoni. Watu wakaangua kicheko.

Maji yakateremka uti wa mgongo, yakazunguka kiunoni. Kamphan akahisi bandeji inalowa chini ya shati. Kuinuka katikati ya baraka ni kuwatukana waliopanga foleni; kusema ni kulifunua tumbo lake mbele ya wanafunzi wake wote. Bualai akamkazia macho. Naye akamkazia yake: nyamaza.

"Muishi salama, wanangu," akasema, akanyoosha viganja kwa aliyefuata. Foleni ilifika mpaka getini.

Nyumbani Bualai alibadilisha bandeji. Tundu likawa jekundu, kisha likauma. Haikupita wiki, maji yaliyotoka tumboni yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kamphan aliinua mfuko uliopokea maji hayo kwenye mwanga, akaugeuza, akauinua tena.

"Nimwite Sawaeng?" Bualai akauliza.

Maumivu yalikuwa yamemkunja. "Mwite."

Njiani kwenda hospitali Sawaeng alimtupia jicho kwenye kioo cha gari.

"Ni ule mpira, mwalimu?"

"Nani kakuambia?"

"Kila mwezi gari la posta linashusha maboksi ya maji ya dawa mlangoni kwako. Kijiji kizima kinajua. Tulidhani pameshapona, maana ulikaa tu, huku unatubariki. Ungesema mwenyewe 'mikononi,' nani angekumwagia mgongoni?"



Hospitalini daktari alimbonyeza tumbo, akaupeleka mfuko maabara, akarudi. "Tunakuanzishia dawa. Lakini mpira huu hauna maisha tena. Kesho tunautoa."

"Na nikipona mtaniwekea mwingine?"

"Tutaona. Kwa sasa ni mashine."

Muuguzi akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kumwonyesha chumba cha mashine hizo. Kitanda baada ya kitanda, watu walilala mkono mmoja umeunganishwa na mashine kwa mirija ya damu, macho darini. Mzee mmoja akamwona, akainua ule mkono uliokuwa huru, akamwamkia.

Kamphan akaitikia.