Usiguse Kioo

Wangeci aliinama mara ya tano, akakipulizia pumzi kile kipande cha kioo, na mara ya tano ukaja ukungu mtupu. Ukakaa kidogo, ukayeyuka. Maprofesa watatu waliokuwa wameketi mbele yake wakajikohoza. Mmoja akaangalia saa.

"Kilikuwa kinageuka," alisema. "Ijumaa kiligeuka. Daktari Vidya alikiona."

Daktari Vidya, msimamizi wake, alikubali kwa kichwa bila kumtazama. Wangeci akapuliza tena, na tena, mpaka kizunguzungu kikamshika na midomo ikamkauka. Aibu gani hii, mtu mzima kuhemea kioo mbele ya watu kama aliyepandwa na wazimu! Lakini angefanyaje? Hakuwa na kingine.

Miaka minne alikuwa ameimaliza kwa ngisi, yule ndugu yake pweza ambaye ngozi yake hugeuka rangi ukimtazama. Wangeci alikuwa ametoa utomvu wa ngozi hiyo, akaupaka kwenye kioo kidogo kama kidole, ukawa utando mwembamba ambao ukikauka hauonekani kabisa. Ukiupulizia pumzi, ule unyevu unaufanya uvimbe, unakuwa bluu, halafu kijani, halafu mwekundu. Alitaka siku moja uwe bandeji: kidonda kikianza kutoa maji, bandeji igeuke rangi, iseme. Baba yake, Karanja, alikufa kwa kidonda cha sukari kilichooza mguuni chini ya bandeji nyeupe pe, na nyumba nzima ikidhani anapona.

Kisha ukaja huu mwaka wa 2009 na mgao wake wa stima. Ngisi waliotoka Mombasa kwenye barafu wakaozea katika friji ya maabara. Ukabaki utando mmoja tu. Wafadhili walikuwa wameandika kwamba waonyeshwe kitu Jumatatu hii, la sivyo mradi ufungwe na meza yake apewe mwingine.

"Tumekuelewa, Miss Karanja," alisema mwenyekiti, Profesa Kibe, naye akafunga faili. "Sorry, lakini hatuwezi kuandika kwamba tumeona kitu hatujaona."

Ndipo Wangeci alipokileta kile kioo puani. Kilinukia ndimu, ile ndimu ya sabuni ya vyombo ya mama yake.

Maneno yakaanza kumpanda kooni pale pale. Alitoka chuoni, akavuka mji bila kuona magari, na njia nzima hadi nyumbani Riruta alikuwa akiyapanga. Alikuwa amemwambia mama yake! Jumamosi, alipokileta nyumbani ndani ya kibakuli kwa kuogopa wafagiaji wa maabara wasije wakakitupa, alisimama mlangoni akasema waziwazi: "Mami, usiguse kioo. Nimekipaka ile ngozi ya ngisi. Mtu akikipulizia pumzi kinageuka rangi. Please, usikiguse." Na mama yake akajibu, "Nimesikia." Kwao walizungumza Kiswahili tangu zamani, kwa kuwa mama yake, Nanjala, alitoka Bungoma na marehemu mume wake alikuwa Mkikuyu, na hakuna aliyewahi kuiweza lugha ya mwenzake. Sasa Kiswahili gani hicho alichokuwa hakielewi?

Alimkuta mama yake sebuleni, amekaa akimngoja, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Hata jana alirudi kutoka kanisani kikiwa hivyo hivyo, na Wangeci akamcheka.

"Umerudi! Kuja uone vile nimekichunga," mama alisema, akamshika mkono kabla hajafungua mdomo.

Akampeleka chumbani kwake. Kile kioo kikubwa cha ukutani, alichonunuliwa na mumewe walipooana, kilikuwa kimefunikwa leso na kufungwa kwa kamba ya katani pande zote.

"Tangu Saturday hakuna mtu amekigusa. Hata mimi sijajiangalia. Church nimeenda hivi hivi, wale wamama wakanicheka, na wewe pia ukanicheka. Nikasema wacheke, ni kazi ya mtoto wangu."

Wangeci aliketi kitandani.

"Na kile kingine, mami? Kile kidogo kwa kibakuli?"

"Kale kapande ka chupa? Kalikuwa kananuka samaki! Nikasema huwezi simama mbele ya maprofesa na kitu chafu. Nikakasugua na sabuni na stilwaya vizuri, nikakarudisha. Ulipata kakiwa safi?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa bado mdomoni. Aliyahisi, makali na mengi, na hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa kwenda. Alimchukia mama yake kwa nukta moja, kisha akajichukia mwenyewe kwa kicheko cha jana.

"Kalikuwa safi," alisema.

"Sasa naweza kukifungua? Wamemaliza na wewe?"

"Wamemaliza."

Mama alifungua kamba taratibu, akatoa leso, akajiona. Hakukigusa kitambaa chake cha kichwa. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akakunja mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika, akavuta pumzi na kupuliza. Ukungu ukaja. Akangoja.

"Mbona mimi hakinigeukii?"

Wangeci aliichukua ile leso, akaikunja.

"Ama ni hii pumzi yangu ya uzee," mama alisema, akainama akapuliza tena, kwa nguvu zaidi, na kungoja.